Bitiruti ya kuoka, ya mkaa, ya kuchemsha au mbichi: ipi iingie kwenye saladi yako?

Bitiruti nyingi zinazonunuliwa Kariakoo au Marikiti huishia kwenye blenda, zikasagwa na karoti, tangawizi na ndimu. Hakuna ubaya. Ila anayetafuta chakula cha mchana kisichomlaza, au sahani ya kusindikiza samaki wa kuchoma, saladi humfaa kuliko glasi ya juisi. Na akishaamua saladi, swali linalomsubiri ni la jikoni: niioke, niichome kwenye mkaa, niichemshe, au niikune mbichi? Kila njia ina watetezi wake, na kila mtetezi ana hoja. Hoja zenyewe hazina uzito sawa.

Niseme mapema ninakoelemea. Kwa saladi, bitiruti iliyookwa na ganda lake ndiyo inayompa mlaji ladha kubwa kwa mafuta kidogo. Ninaiacha pale tu umeme, mkaa au muda unapokataa. Lakini kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau wakishawasha oveni: wepesi wa saladi hii hauamuliwi na bitiruti. Unaamuliwa na kinachomwagiwa juu yake, na huko ndiko nitakakokaa kwa muda mrefu zaidi.

Kilichomo ndani yake

Gramu 100 za bitiruti mbichi zina kalori kama 43, sukari karibu gramu 7, nyuzinyuzi gramu 2.8, potasiamu miligramu 325 na foleti, yaani vitamini B9, mikrogramu 109. Hiyo foleti si haba. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 400 kwa siku, na mjamzito 600. Moto hupunguza kiasi, lakini hata baada ya kupikwa, bakuli lenye gramu 150 za bitiruti hubaki na zaidi ya robo ya mahitaji ya mtu mzima.

Sasa lile la kuongeza damu. Wekundu wa bitiruti unatoka kwenye rangi iitwayo betanini, ambayo haina uhusiano wowote na madini ya chuma. Chuma chenyewe ni miligramu 0.8 tu katika gramu 100, wakati mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anahitaji kama miligramu 18 kwa siku. Hesabu haikubali. Bitiruti inasaidia kwa upande wa foleti, ambayo nayo inahitajika katika kutengeneza chembe za damu, lakini aliyepewa vidonge vya FEFO, vile vya chuma na foleti, kliniki asiviweke kabatini kwa sababu amepata saladi. Kinachochekesha ni kwamba majani ya bitiruti yana chuma mara tatu ya kiazi chenyewe, na ndiyo hayo muuzaji anayakata na kuyatupa chini ya meza kabla hajakupimia.

Kuhusu juisi, nitapita haraka. Glasi moja iliyochujwa hula bitiruti mbili tatu. Sukari yote inashuka kwa mafunda machache, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio. Kwenye saladi, bitiruti moja ya wastani inamtosha mtu mmoja na inamchukua dakika kumi kuitafuna. Mwenye kisukari aangalie tofauti hiyo kabla hajaangalia kingine chochote.

Oveni: nzima kwenye foili, au vipande vilivyo wazi?

Watu husema "kuoka" kama kwamba ni jambo moja. Ni mawili, na yanatoa vyakula viwili tofauti.

Njia ya kwanza: bitiruti inaoshwa, haimenywi. Mashina yanakatwa lakini unaacha kama sentimita mbili, na mkia wa chini hauguswi kabisa, maana ukikata karibu sana rangi na utamu vinavuja. Kila moja inafungwa kwenye foili peke yake, zinapangwa kwenye trei, oveni nyuzi 200 za Selsiasi. Zenye ukubwa wa chungwa dogo huchukua dakika 50 hadi saa moja. Kubwa zaidi huhitaji saa moja na robo. Ingiza ncha ya kisu katikati. Ikizama bila kubishana, imeiva. Iache kwenye foili yake dakika kumi, kisha shika ganda kwa karatasi ya jikoni na usugue kwa kidole gumba. Ganda linavuliwa kama soksi, na chini yake unakuta bitiruti laini, inayong'aa, rangi ya damu ya mzee. Hukutumia hata tone la mafuta.

Kwa kweli njia hiyo ni nusu kuoka nusu kuiva kwa mvuke wake. Foili inazuia maji yasitoke, kwa hiyo bitiruti haikauki wala haipati wekundu wa moto pembeni. Faida yake ni vipande safi, vya mviringo, vinavyokaa vizuri kwenye sahani.

Njia ya pili: unamenya mbichi, unakata vipande vya sentimita mbili, unavichanganya na mafuta na chumvi kidogo, unavitandaza kwenye trei bila kubanana, nyuzi 200 zile zile, dakika 30 hadi 35, ukigeuza mara moja. Hapa maji yanapotea, sukari inakolea, na kingo zinaanza kuwa kahawia na kunata. Ladha ni nzito zaidi, tamu zaidi, karibu na ya kiazi kitamu cha kuchoma. Gharama yake ni mafuta: kwa nusu kilo utahitaji kijiko kimoja cha chakula, yaani kalori kama 120 zinazogawanywa kwa walaji watatu. Si nyingi. Tatizo huanza pale mtu anapomimina kwa jicho.

Kati ya hizo mbili, kwa saladi ya majani mabichi na chungwa mimi huchagua nzima kwenye foili. Kwa saladi ya vuguvugu yenye dengu au maharage, inayoliwa kama mlo kamili, vipande vilivyo wazi vinashinda, kwa sababu ladha nyepesi ya foili humezwa na mikunde hiyo.

Usiweke ndimu wala siki ndani ya foili wakati wa kuoka. Asidi na foili havipatani kwenye joto. Ukali uje baadaye kwenye bakuli.

Na suala la umeme lisipuuzwe. Kuwasha oveni saa nzima kwa ajili ya bitiruti mbili ni kuzichezea uniti za LUKU. Oka kilo nzima, au subiri siku unayochoma kuku au viazi vitamu uziweke kwenye trei ya chini. Bitiruti haijali harufu ya kuku.

Mkaa, ambao wengi tunao

Asiye na oveni asijione ameachwa nje. Bitiruti ilichomwa majivuni kwa muda mrefu kabla oveni ya umeme haijazaliwa, na jiko la mkaa linatoa kitu ambacho oveni haiwezi: moshi.

Wakati mzuri ni baada ya nyama kushuka. Makaa yameshashika jivu jeupe, moto hauna hasira tena, na kwa kawaida watu wanaliacha jiko lizime lenyewe. Funga bitiruti kwa foili mara mbili, zipange pembeni mwa makaa, si katikati, na uzigeuze kila robo saa. Saa moja au pungufu kidogo inatosha. Ukizitupa bila foili moja kwa moja kwenye jivu la moto, ganda linaungua na kuwa gamba jeusi, unapoteza kama nusu sentimita ya nyama yake, lakini kilichobaki ndani kina ladha ambayo mgahawa wa hoteli ungekutoza pesa nyingi.

Njia nyingine, na hii ndiyo ninayompendekezea anayeishi kwenye chumba kimoja na jiko moja, ni moto juu na chini, ule ule wa mkate wa kumimina. Sufuria nzito, bitiruti nzima ndani, maji vijiko vitatu vinne chini ili zisishike, mfuniko juu, makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 50 zitakuwa zimeiva na zimeanza kukunjamana ganda. Aliyewahi kupalia wali makaa hana cha kujifunza hapa.

Udhaifu wa mkaa ni kwamba joto halipimiki. Moja itaiva, jirani yake itakuwa ngumu katikati. Chagua zenye ukubwa unaolingana, na zitoe moja moja kadiri zinavyokubali kisu.

Kuchemsha

Kuchemsha ndiko kunakofundishwa nyumbani, na kuna mahali pake. Sufuria ya kawaida huchukua dakika 40 hadi 60. Presha kuka huchukua 20 hadi 25, na hapo ndipo inapoipiga oveni bao kwa gharama. Mwenye gesi ya mtungi mdogo na watoto wanaosubiri chakula, presha kuka ndiyo jibu lake, na asiombe radhi kwa mtu.

Hasara zinaonekana kwa macho: yale maji mekundu unayomwaga. Rangi imo humo, sehemu ya foleti imo humo, na hata nitrati, ambazo ndizo zinazoipa bitiruti sifa ya kusaidia kushusha shinikizo la damu, nazo huyeyuka kwenye maji. Ukichemsha nzima na ganda lake hasara inapungua sana. Ukichemsha iliyomenywa na kukatwa, umepika rangi ya kitambaa. Kwa ladha, ya kuchemsha ni ya maji maji na harufu ya udongo hubaki wazi zaidi kuliko ya kuoka, kwa sababu hakuna utamu uliokolea wa kuifunika.

Hiyo harufu ya udongo ndiyo inayowafukuza watu wengi kutoka kwenye bitiruti. Inatokana na kemikali iitwayo jiosimini, ile ile inayonukia mvua ikigonga ardhi kavu. Imejaa zaidi karibu na ganda, na asidi huivunja. Kwa hiyo bila kujali umepika vipi, menya vizuri, kisha nyunyizia ndimu au siki bitiruti ikiwa bado ya moto, uiache dakika kumi kabla ya kuendelea. Mtu aliyesema haipendi, mara nyingi alipewa ya kuchemsha isiyokuwa na tone la ndimu.

Mbichi

Mbichi inashinda kwenye mambo mawili: haili umeme wala mkaa, na foleti yake haijaguswa. Ikikunwa kwa greta pamoja na karoti, ikakamuliwa ndimu, inakuwa binamu wa kachumbari, na kwenye pilau inakaa vizuri kabisa. Inabakia kavu na ngumu kwenye meno, na harufu ya udongo iko juu kuliko njia zote. Anayeanza kula bitiruti nisingempa hii kwanza. Kwa aliyezoea, kijiko kimoja cha mbichi iliyokunwa laini juu ya saladi ya bitiruti ya kuoka huleta mkwaruzo unaopendeza.

Kwenye baadhi ya supamaketi za Nairobi unaweza kukutana na za njano, au zile za Kiitaliano za Chioggia zenye duara nyeupe na waridi ndani. Hizo za duara ziliwe mbichi, zikatwe nyembamba kama karatasi, maana zikipikwa duara zinafifia na umelipia urembo bure. Za njano haziachi rangi kwenye kila kitu, ndiyo faida yake kubwa.

Majani ya kuwekea chini

Majani ya saladi ya kawaida ni mepesi lakini hulegea mara tu bitiruti inapotua juu yake. Rukola ina ukali unaokata utamu; bahati mbaya huipati gengeni, ni ya supamaketi. Figiri changa ina ukali wa aina hiyo hiyo, na inapatikana kwa mama wa gengeni. Kabichi iliyokatwa nyembamba hustahimili, ila inaleta sauti nyingi mdomoni.

Chaguo langu ni spinachi, au majani ya bitiruti yenyewe. Ile spinachi ya mashina manene meupe tunayouziwa sokoni Tanzania na Kenya, kibotania, ni spishi moja na bitiruti, moja imelimwa kwa ajili ya jani na nyingine kwa ajili ya kiazi. Ndiyo maana ladha zao zinaelewana. Chukua machanga tu, toa mashina, kata nyembamba. Majani ya bitiruti yakiwa makubwa, yapitishe kwenye kikaango chenye moto na tone la maji kwa dakika mbili, yakamue, yaache yapoe.

Kupitisha motoni kuna sababu nyingine. Msimu wa mvua, kipindupindu kinapotangazwa mjini, majani mabichi ambayo hujui yamemwagiliwa maji gani si chakula chepesi tena. Wakati huo chagua majani yaliyopikwa na bitiruti iliyookwa na kumenywa, na saladi yako itabaki salama bila kukosa kitu. Nyakati za kawaida, osha jani moja moja kwa maji safi yanayotiririka. Kuloweka beseni zima kwenye maji yale yale ni kugawana uchafu.

Ndimu, siki au ukwaju. Alizeti au zeituni

Vitabu vya mapishi vya Kifaransa vimewazoesha watu kipimo cha mafuta matatu kwa siki moja. Kwa bitiruti kipimo hicho ni kizito bila sababu. Bitiruti ina utamu wake, inabeba ukali mwingi. Weka moja kwa moja: kijiko cha mafuta, kijiko cha ndimu. Ikihitaji zaidi, ongeza ndimu, si mafuta.

Ndimu inatoa harufu safi na inafaa saladi inayoliwa papo hapo. Siki inafaa zaidi kwa bitiruti itakayokaa kwenye friji siku mbili tatu, kwani haibadiliki ladha. Ukwaju uliolowekwa na kukamuliwa uwe mzito kidogo ni kitu cha Pwani ambacho sielewi kwa nini hakitumiwi zaidi hapa: una ukali, una utamu wa mbali, na rangi yake ya kahawia inapotea kabisa ndani ya wekundu. Saga bizari ya pilau iliyokaangwa kavu, nusu kijiko cha chai, tia humo. Bizari ya pilau na bitiruti ziliumbwa zikutane.

Kuhusu mafuta, watu hununua ya zeituni wakidhani ni mepesi. Ladha yake nzuri, na aina ya mafuta yaliyomo ni rafiki kwa moyo, lakini kalori ni zile zile: kijiko cha chakula ni kama 120, kiwe cha zeituni kutoka Hispania au cha alizeti kutoka Singida. Alizeti iliyokamuliwa vizuri, isiyo na harufu ya kukaangia mandazi, inatosha kabisa.

Mayonezi sitaijadili sana. Kijiko kimoja kinakaribia kalori 100, na saladi inageuka kuwa waridi ya peremende.

Jibini, mtindi, karanga au parachichi

Ulaya na Marekani, bitiruti ya kuoka karibu kila mara huletwa mezani na jibini la mbuzi. Ni mchanganyiko mzuri kweli, chumvi ya jibini ikikutana na utamu wa kiazi. Kwetu jibini hilo ni ghali na gramu 100 za feta, jamaa yake, zina kalori zaidi ya 260 na chumvi nyingi, jambo ambalo mwenye shinikizo la damu hapaswi kulifumbia macho, hasa ikiwa bitiruti yenyewe aliinunua kwa ajili ya hilo shinikizo.

Mtindi unaifanya kazi hiyo hiyo kwa bei ndogo. Chukua mtindi usio na sukari, umwage kwenye kitambaa safi, uning'inize saa mbili juu ya bakuli. Kinachobaki ni kizito, kichachu, kinapakika. Tia chumvi kidogo na kitunguu saumu kilichopondwa. Wairani wana mlo wao wa bitiruti na mtindi wanaouita borani, na ukiuonja unaelewa kwa nini hawakuhitaji jibini. Kabla ya kuchujwa, mtindi wa kawaida una kalori kama 60 kwa gramu 100.

Kwa mlio wa meno, karanga zilizokaangwa na korosho ziko sawa kwa ladha. Karanga zinashinda kwa bei. Zote mbili zina kalori nyingi, kwa hiyo kiganja kimoja kigawanywe watu watatu. Parachichi ni zuri na lina mafuta mazuri, ila likiwekwa, mafuta ya chupa yaondoke. Si vyote viwili.

Ili hoja isibaki hewani, tuweke mabakuli mawili mezani. La kwanza: gramu 150 za bitiruti ya foili, mkono mmoja wa spinachi, nusu chungwa, vipande vichache vya kitunguu maji kilichooshwa kwa chumvi, kijiko cha chai cha mafuta, ndimu, na gramu 10 za karanga. Jumla ni kalori kama 210. La pili: bitiruti ile ile na spinachi ile ile, gramu 60 za feta, nusu parachichi, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, gramu 30 za karanga, kijiko cha asali. Jumla inakaribia 870. Mabakuli yote mawili yanaitwa saladi ya bitiruti, yote yanapendeza kwa picha, na bitiruti katika yote mawili imechangia kalori 65 tu.

Kupanga bakuli bila kuligeuza lote kuwa jekundu

Rangi ya bitiruti haina adabu. Inaingia kwenye mtindi, kitunguu, chungwa, kibao cha kukatia na kucha. Katia juu ya sahani ya udongo au karatasi, paka mikono mafuta kidogo kabla, na ukimaliza sugua vidole kwa kipande cha ndimu na chumvi.

Bitiruti ipewe ndimu na chumvi yake katika bakuli la peke yake. Majani na kitunguu vipewe mafuta katika bakuli jingine. Kitunguu maji kikatwe nyembamba, kifikichwe na chumvi, kioshwe mara mbili kama cha kachumbari, kisije kikatawala. Chungwa limenywe mpaka ule weupe uishe. La Muheza likiwa msimu wake lina maji ya kutosha kuwa nusu ya sosi. Wakati wa kula, tandaza majani, weka chungwa na kitunguu, bitiruti ije mwisho kwa kijiko, mtindi madoa madoa, karanga na kotimiri, ambayo Wakenya wanaiita dania, juu kabisa. Usikoroge. Kila mtu akoroge sahani yake.

Yupi achague ipi

Mwenye oveni na muda wa jioni aoke kilo nzima kwenye foili mwanzo wa wiki. Mwenye jiko la mkaa atumie makaa ya mwisho. Mwenye gesi kidogo na haraka atumie presha kuka, na ganda lisitolewe kabla. Mwanafunzi wa hosteli asiye na jiko kabisa akune mbichi, azidishe ndimu. Mjamzito anaweza kula njia yoyote, ila majani yake yapite motoni.

Aliyewahi kupata mawe kwenye figo azungumze na daktari kabla hajaifanya bitiruti kuwa ya kila siku, kwa sababu kiazi na hasa majani yana oksaleti nyingi, kemikali inayochangia mawe hayo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vilevile: majani yana vitamini K nyingi, na kinachosumbua dawa hiyo ni kula leo kilo, wiki ijayo usile kabisa. Na anayekula bitiruti kwa ajili ya shinikizo la damu aache kusukutua kila asubuhi kwa zile dawa kali za kuua vijidudu mdomoni, kwa kuwa bakteria wa kwenye ulimi ndio wanaozianzishia kazi nitrati. Dawa za hospitali aendelee nazo.

Bitiruti iliyookwa na kumenywa hukaa kwenye friji siku nne hivi ikiwa kwenye chombo chenye mfuniko, bila majani wala mtindi. Ukinyunyizia siki inakaa zaidi kidogo na inakuwa na ladha nzuri zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza. Na kesho yake asubuhi ukienda msalani ukaona mkojo una wekundu, kumbuka ulikula nini jana kabla hujakimbilia zahanati: huwatokea watu kadhaa katika kila mia, na huisha wenyewe. Wekundu ukionekana na hukula bitiruti, hapo nenda.